Mzee aliyesimulia Operesheni, na mzazi aliyekwenda ofisini

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha Historia ya Tanzania na Maadili katika sekondari moja ya kata wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, na huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Tulipofika kwenye Ujamaa niliona kitabu kinapita mbio kwenye Operesheni Vijiji, ule uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa miaka ya sabini, nikaenda kumrekodi kwa simu mzee mmoja wa kijiji jirani. Alisimulia walivyohamishwa, nyumba yao ilivyochomwa ili wasirudi, na muhogo ulivyobaki shambani. Niliwasikilizisha wanafunzi dakika kumi na mbili, kisha nikaandika ubaoni: "Je, Serikali ilikosea?" Wiki hiyohiyo mzazi mmoja akaja ofisini kulalamika kwamba nafundisha watoto siasa za upinzani. Baba yake ndiye aliyekuwa Katibu Kata enzi hizo. Halafu ile sauti ikaibuka kwenye kundi la WhatsApp la kata, maana nilikuwa nimemtumia mwalimu mwenzangu. Sasa mkuu wa shule amenipa barua, anataka maelezo ya maandishi ndani ya siku saba. Je, nilikosa? Hairuhusiwi kutumia kitu kisichokuwamo kitabuni? Na nijibu nini?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nianze na barua, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi. Barua ya kutakiwa kutoa maelezo si adhabu. Mkuu wako wa shule ana mzazi aliyefika ofisini, ana sauti inayozunguka kwenye simu za watu, na wakati wowote Afisaelimu anaweza kupiga simu kuuliza kuna nini huko. Akiulizwa, anataka awe na karatasi mkononi. Kwa hiyo usiisome kama vita. Usiijibu usiku huuhuu, na usiombe msamaha kwa kosa ambalo hujatajiwa.

Sasa uliloniuliza. Kumleta mzee darasani hukukosa. Ulikosa mahali pawili: kwenye swali uliloliandika ubaoni, na pale ulipoiruhusu sauti itoke kwenye simu yako. Hilo la pili ni jepesi kulieleza, nitalirudia mwishoni. La kwanza ndilo lenye nyama.

Nipite haraka kwenye sheria, kwa kuwa wengi hulichanganya jambo hili. Kitabu cha kiada huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na kitabu cha ziada hupaswa kupata ithibati ya Serikali kabla ya kuingia darasani. Mfumo huo umepita kwenye misukosuko. Kamati ya ithibati, ile tuliyozoea kuiita EMAC, ilivunjwa mwaka 2013 baada ya bunge kuchachamaa kuhusu ubora wa vitabu. Na mwaka 2017 vitabu vya Taasisi yenyewe vikakutwa na makosa, vikaleta kelele nyingine. Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, akapiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa hoja ya maadili. Tangu hapo nimekutana na walimu wanaoogopa hata kubandika ukurasa wa gazeti ukutani. Lakini hayo yote yanahusu vitabu. Sauti ya mzee, kipande cha gazeti, picha ya stesheni ya Kigoma enzi za Mjerumani: hizo ni zana za kufundishia, na zana mwalimu huziandaa mwenyewe akiongozwa na muhtasari wa somo. Mihtasari yetu ya umahiri imejaa maneno kama mgeni mwalikwa, ziara, vyanzo vya mazingira. Mzee wako ni chanzo cha mazingira, tena cha daraja la kwanza.

Na siasa za upinzani? Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inakataza shughuli za chama chochote mahali pa kazi na shuleni, na ni sheria nzuri. Ila mzee wako, kwa jinsi ulivyoniandikia, hakutaja chama. Tena mwaka 1974 Tanzania Bara ilikuwa na TANU peke yake; hapakuwa na upinzani wa kupigiwa debe. Mzazi alitumia neno "upinzani" kwa sababu ndilo neno ambalo siku hizi linamfanya mkuu wa shule anyanyuke kitini. Kilichomuuma ni kingine, nawe umekitaja mwenyewe kwa sentensi moja halafu ukakipita.

Mjukuu wa Katibu Kata alikuwa amekaa dawati la ngapi?

Fikiria kipindi kile kutoka kwenye dawati lake. Anasikia sauti ya mzee ambaye huenda anamfahamu, maana Kasulu si Dar es Salaam. Anasikia nyumba ikichomwa. Anajua, kwa kuwa nyumbani husimuliwa kwa fahari, kwamba babu yake ndiye aliyekuwa na mamlaka kata ile. Kisha mwalimu anageuka ubaoni na kuandika: "Je, Serikali ilikosea?" Kwa wenzake arobaini, Serikali ni kitu cha mbali, iko Dodoma. Kwa yeye, Serikali ya siku ile alikuwa babu. Ametoka darasani akiwa amepewa kazi ya nyumbani ya kumhukumu mzee ambaye yeye humpelekea chai jioni, na swali limeandikwa kwenye daftari kwa Kiswahili safi. Hili la Kiswahili tusilipuuze. Miaka yote tulipofundisha Historia ya sekondari kwa Kiingereza, mzazi alilifungua daftari akaliona limejaa, akalifunga, akaridhika. Somo lako jipya linafundishwa kwa Kiswahili. Mzazi sasa anasoma kila mstari. Mimi nalifurahia jambo hilo, ila lina gharama yake, na wewe ni kati ya wa kwanza kuilipa.

Nisijifanye mtakatifu. Mwaka 1995 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja mkoani Tabora. Somo la Siasa lilikuwa limekwisha badilishwa kuwa Uraia, vitabu vya zamani bado vimo kabatini, na nchi inaelekea uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo urudi. Wagombea urais walikuwa wanne: Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo. Lipumba ni mzaliwa wa Tabora, kwa hiyo unaweza kukisia joto la mji. Nikajiona mwalimu wa kisasa. Niliandika majina manne ubaoni nikawaambia wanafunzi wanyooshe mikono, nani angempigia nani. Nikahesabu, nikaandika idadi mbele ya kila jina, tukacheka, kengele ikalia. Asubuhi yake wazazi wawili walikuwa getini. Hawakuja pamoja na hawakuwa wa chama kimoja. Wa kwanza alisema nimewatangaza watoto wao ni wa upande gani mbele ya darasa zima. Wa pili alisema nimempa mwanawe aibu kwa kuwa alinyoosha mkono peke yake. Wote wawili walikuwa na haki, na mimi kwa miezi mingi niliamini kwamba ni washamba wasioelewa demokrasia. Kura ni ya siri hata kwa watu wazima wanaoijua kazi yake. Mimi niliifanya ya wazi kwa watoto wa miaka kumi na sita.

Wajerumani waliutafutia ugonjwa huu dawa mapema. Mwaka 1976 wataalamu wao wa elimu ya siasa, wa mrengo wa kulia na wa kushoto, walikutana Beutelsbach, kijiji cha kusini-magharibi mwa nchi. Walikuwa wamechoka kushutumiana kwamba kila upande unawalisha watoto itikadi yake. Mkutano ule ulizaa mambo matatu ambayo walimu wa Ujerumani wanayatumia hadi leo. Mwalimu asimlemee mwanafunzi kwa maoni hadi ashindwe kuamua mwenyewe. Jambo ambalo watu wazima bado wanabishania, wanasiasa kwa wataalamu, liingie darasani likiwa bado lina ubishi wake. Na mwanafunzi asaidiwe kuona lina uhusiano gani na hali yake mwenyewe. Lile la katikati ndilo la kwako. Operesheni Vijiji bado inabishaniwa. Wewe ulileta upande mmoja wa ubishi, tena ule wenye machozi, kisha ukauliza swali ambalo jibu lake lilishatoka kwenye spika ya simu. Swali lenye jibu moja linaloruhusiwa si swali, ni hoja ya mwalimu iliyovalishwa alama ya kuuliza.

Waingereza nao walifika mahakamani kwa jambo la namna hii. Sheria yao ya elimu ya 1996 inakataza kuwashindilia wanafunzi siasa za upande mmoja, na inataka jambo la kisiasa likiletwa, mitazamo inayopingana ipewe nafasi kwa uwiano. Serikali ilipotaka kusambaza mashuleni filamu ya Al Gore, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Marekani, kuhusu tabianchi, dereva mmoja wa lori wa Kent, ambaye alikuwa pia kwenye bodi ya shule, akaishtaki Serikali hiyo. Mwaka 2007 jaji alitaja mambo tisa kwenye filamu ile ambayo yalivuka ushahidi wa kisayansi wa wakati huo, lakini hakuizuia. Alikubali ionyeshwe, mradi walimu wapewe mwongozo unaowaambia mahali pa kusimama na kuwaeleza wanafunzi: hapa ni maoni, hapa ushahidi ni dhaifu. Ona hilo, Mwalimu. Zana ilibaki; kilichoongezwa ni karatasi ya mwalimu.

Marekani wamechukua njia nyingine, na sikushauri uitamani, uwe upande wa mzazi au wa mwalimu. Tangu 2021 majimbo kadhaa yametunga sheria za kuzuia namna fulani za kufundisha kuhusu rangi na utumwa, zenye maneno mapana kiasi kwamba mwalimu hajui mstari uko wapi. Asiyejua mstari uko wapi hukaa mbali nao kabisa, na mada inakufa bila mtu kuipiga marufuku. Mwaka 2023 Florida ilipitisha viwango vya historia vilivyoeleza kwamba watumwa walipata stadi ambazo mara nyingine ziliwafaa wenyewe, na kelele zake zikafika dunia nzima. Mtu wa Kigoma akisoma hayo anapaswa kukumbuka kwamba njia ya misafara kutoka Ujiji kupita Tabora hadi Bagamoyo ilikuwa njia ya watumwa pia, na kwamba baadhi ya familia zilizofanya biashara ile zina wajukuu kwenye madarasa yetu. Ubishi wao si wa kigeni kwetu. Sisi tunao, ila tumezoea kuufunika kwa ukimya, na ukimya nao unamfundisha mtoto jambo.

Turudi Kasulu. Ungefanyaje? Mimi ningefundisha Operesheni kwa kumtumia Mwalimu Nyerere mwenyewe, kwa sababu mbili: hakuna atakayekuita mpinzani, na maneno yake yanabishana yenyewe kwa yenyewe kuliko sauti yoyote ya kijijini. Katika Ujamaa Vijijini, andiko la Septemba 1967, alisisitiza kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kuanzishwa kwa nguvu, watu waingie kwa hiari. Novemba 1973 akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi ikamilike ifikapo mwisho wa 1976. Mkoa wenu ulikuwa kati ya ile iliyoguswa mapema na kwa uzito. Mwaka 1977, alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, alieleza kwamba watu zaidi ya milioni 13 walikuwa wanaishi vijijini, na akaikabili hoja ya nguvu moja kwa moja: Serikali, kwa hoja yake, haikuwa na ubavu wa kuwahamisha mamilioni kwa mabavu. Hizo ni karatasi tatu za mtu mmoja ndani ya miaka kumi. Weka na aya ya kitabu cha kiada. Halafu ndipo umwingize mzee, dakika nne zinatosha, kumi na mbili ni nyingi mno kwa saa sita mchana.

Ubaoni chora safu tatu. Ya kwanza: anasema nini. Ya pili: alikuwa wapi wakati huo. Ya tatu: amejuaje. Mzee alikuwa na miaka mingapi? Aliona nyumba ikiwaka au alisimuliwa na mama yake? Nani alishika kiberiti, mgambo, jirani, au mtu kutoka wilayani? Mwalimu Nyerere alizipataje habari za Kasulu akiwa Dar es Salaam, na aliyempelekea alikuwa na sababu gani ya kusema yote yamekwenda vizuri? Kitabu cha kiada nacho kikae kwenye safu hizohizo, kisipewe kiti cha jaji. Utashangaa jinsi darasa linavyotulia. Wanaacha kuuliza nani mbaya, wanaanza kuuliza nani anajua. Swali la mwisho liwe la namna hii: "Maelezo haya yanapishana wapi, na ungemtafuta nani ili ujue zaidi?" Mjukuu wa Katibu Kata anaweza kulijibu swali hilo bila kumkana babu. Tena yeye ndiye mwenye jibu zuri kuliko wote, maana shahidi analala nyumbani kwao.

Kuna watakaokuambia hii ni kukwepa, kwamba mwalimu mwenye msimamo angesema wazi nyumba za watu zilichomwa na ni uovu. Nakubali nusu. Ukweli uliothibitika hauhitaji mizani: kama nyumba ilichomwa, ilichomwa, na usimweke mtu wa kusema haikuchomwa eti kwa ajili ya usawa. Mizani ni ya yale yanayobishaniwa kweli, kama amri ilivuka mipaka kwa watekelezaji wa chini au ilitoka juu ikiwa hivyo, kama zahanati na shule vilivyofuata vilistahili gharama ile. Huko ndiko ubishi uliko, na huko watoto waachwe wapime.

Sasa barua. Iwe ukurasa mmoja. Ambatisha andalio la somo la siku ile na nakala ya ukurasa wa muhtasari wenye mada husika. (Kama andalio uliliandika baada ya kipindi, kama tunavyofanya wengi wetu Ijumaa jioni, sema ukweli huo pia; mkuu wako anaujua.) Kiini chake kinaweza kuwa hivi: "Nilitumia masimulizi ya mzee kama zana ya kufundishia mada ya Operesheni Vijiji iliyomo katika muhtasari. Masimulizi hayakutaja wala kuunga mkono chama chochote cha siasa. Nimetambua kuwa sikuweka vyanzo vingine kando yake na kwamba swali nililoliuliza lilielekeza jibu. Kipindi cha marudio nimekiandaa kwa vyanzo vitano, na andalio lake limeambatishwa." Basi. Usimtaje mzazi, usitaje baba yake, usiandike neno "kuonewa". Mkiwa hamjaelewana ndipo utakapokumbuka kwamba nidhamu ya mwalimu ina ngazi zake hadi Tume ya Utumishi wa Walimu, na barua ya kwanza iliyoandikwa kwa utulivu husomwa katika kila ngazi. Kama tayari una rasimu ya kurasa nne, na nahisi unayo, iweke chini ya godoro.

Unaponukuu Nyerere kwenye hilo andalio jipya, usiishie kwenye vijiji. Katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967 alitaka shule imjengee kijana akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine akichukua kinachomfaa na kukataa kisichomfaa, na kujiamini kama raia aliye huru na sawa na wenzake. Mthibiti ubora wa shule akija, mfungulie ukurasa huo. Nimewahi kuwaona wakiusoma, wakakohoa, wakapita darasa la pili.

Kuhusu sauti iliyosambaa sina maneno ya kukupoza. Mzee alikupa masimulizi yake akijua yanakwenda darasani. Sasa yamo kwenye simu za watu wasiomtakia mema na wanaomtakia mema kupita kiasi, na tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lakini kabla ya sheria kuna utu. Nenda kwake kabla hajasikia kwa mwingine, mweleze mwenyewe kilichotokea, na umuulize kama bado anataka sauti yake itumike. Akikataa, ifute mbele yake. Mwenzako naye mwombe aondoe alichokituma, ingawa tunajua kilichokwenda kimekwenda.

Ukimaliza kwa mzee, elekea nyumba ya pili. Mzazi aliyelalamika ana baba aliye hai, kama nimekuelewa sawasawa, na mzee huyo amekaa miaka hamsini na kitu watu wakisimulia habari yake pasipo yeye kuulizwa. Pita kwa mkuu wa shule kwanza, mwende wawili. Usimwalike aje kujitetea. Mwombe aje kusimulia: amri ilimfikiaje, kwa barua au kwa mdomo wa mkuu wa wilaya? Alipewa siku ngapi? Alipewa lori? Nyumba yake mwenyewe ilihama? Akikubali, mtafutie kiti chenye mgongo, mwache aanze na "mwakeye" yake, salamu ya Kiha, na darasa liitike, na simu yako iache ofisini kwa mkuu.